Volti za Betri Mbele ya Macho: Niliyojifunza Kati ya Malindi na Mokowe

Anayekwenda Lamu kwa gari hafiki Lamu na gari. Barabara inaishia Mokowe. Gari unaliacha karibu na jeti, unashusha mizigo, unapanda boti, na ukishavuka, kwenye vichochoro vya mji ni miguu yako au punda. Mimi huuza madera na mitandio. Nachukua mzigo Mombasa, naupanga nyumbani Malindi, kisha nawapelekea wenye maduka wa Lamu mjini na Shela. Kwa hiyo gari langu, Probox la gia otomatiki, lina maisha ya namna mbili: siku za kukimbia zaidi ya kilomita 200 kwa mkupuo mmoja, na siku za kusimama juani Mokowe mpaka nikusanye madeni yangu. Hizo siku za kusimama ndizo zilizonila pesa na kuninyima usingizi. Kilichonitoa ni kidude cha shilingi mia sita kinachoonyesha volti za betri ukiwa umeketi kwenye usukani.

Balaa lilianza wakati wa Maulidi. Mji ulikuwa umejaa wageni, biashara nzuri, nikakaa kisiwani zaidi ya ilivyo kawaida yangu. Niliporudi Mokowe alasiri na mabunda matupu, nikatia ufunguo. Taa za dashibodi ziliwaka hafifu, stata ikalia tik tik tik, halafu kimya. Gari la gia za mkono vijana wangelisukuma likawaka. La otomatiki halisukumwi, lazima upate betri ya mwenzio.

Alipatikana kijana mwenye nyaya za jampa. Akataka shilingi elfu moja na mia tano, nikampa bila kubishana kwa sababu jua lilikuwa linashuka. Gari likawaka. Lakini magari yaliyosindikizwa na polisi yalikuwa yameshaondoka, na njia ile ya Hindi, Witu hadi Nyongoro hakuna anayependa kuzimikiwa na gari peke yake, sembuse mwanamke, sembuse magharibi. Nikaambiwa niliache lingurume nusu saa, betri ijae, kisha nilale Mokowe niondoke alfajiri. Nikafanya hivyo. Alfajiri likakataa tena, nikalipa jampa mara ya pili.

Hapo pana jambo ambalo madereva wengi hawaambiwi. Nusu saa ya kunguruma bila kwenda haijazi betri iliyokauka. Injini ikizunguka polepole alterneta, ile mashine inayozungushwa na injini ili kuchaji betri, haitoi umeme mwingi, na betri yenyewe haimezi kwa haraka hata ukiipa. Betri iliyoshuka hadi chini inahitaji saa kadhaa za safari, na ikiwa imeshuka sana ni afadhali ichajiwe taratibu usiku kucha kwa chaja ya umeme wa nyumbani. Kujampu kunakuwezesha kuondoka tu.

Malindi nilikwenda duka la betri. Wakaipima, wakasema imekufa, wakanifungia mpya ya saizi ya NS60 kwa shilingi elfu tisa na mia nane baada ya kurudisha ile kuukuu. Safari iliyofuata gari likazima tena palepale Mokowe. Fundi mwingine akasikiliza maelezo, akafungua boneti, akasema betri mpya haiwezi kufa, basi alterneta haichaji. Akaniletea alterneta kuukuu iliyotoka Japani, elfu nane, na elfu moja ya mkono. Siku nilipomaliza kumlipa nilihisi nimelitibu gari lote. Baadaye nikasimama tena kwenye jua la Mokowe na ufunguo mkononi, nikalia. Siyo kwa ajili ya gari. Nilikuwa nimewaahidi wateja wa Malindi nguo za harusi siku ile, na nilishaanza kuwaza kwamba labda kazi hii ya njia siyo yangu.

Kaka yangu alitaka niliuze gari. Shemeji yangu ndiye aliyenipeleka kwa mzee mmoja fundi wa umeme wa magari mtaa wa Maweni. Sitamtaja jina kwa kuwa hapendi, sisi sote tunamwita Ami. Hakufungua boneti. Aliniuliza swali.

"Mwanangu, betri hii asubuhi, kabla hujawasha gari, huwa ina volti ngapi?"

Nikamwambia, "Ami, hii mpya dukani waliipima, ikawa nzuri."

"Dukani waliipima gari likiwa limetoka barabarani. Hiyo si habari. Na huyu aliyekubadilishia alterneta, aliipima ya zamani inatoa ngapi?"

Hakuipima. Alibadilisha kwa kusikiliza hadithi yangu. Ami akanyamaza kidogo, akasema hataligusa gari mpaka nimletee nambari za asubuhi, za wakati wa stata, na za safarini. Akanituma nikanunue mita ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya kiberiti cha sigara.

Taa nyekundu yenye picha ya betri kwenye dashibodi nilikuwa naitegemea miaka yote, kumbe haipimi betri. Inawaka pale alterneta inapoacha kuzalisha umeme wakati injini inazunguka. Betri ikinyonywa usiku kucha hadi ikauke, taa hiyo haina la kukwambia. Na hata alterneta ikianza kudhoofika kidogokidogo, taa inaweza kukaa kimya mpaka hali iwe mbaya. Mita ya volti inaona yote mawili, alimradi ujue umeitazama saa ngapi.

Nitaeleza nambari kama Ami alivyonieleza, kwa sababu bila hizo mita ni pambo tu. Betri ya gari ina vyumba sita, kila kimoja kikiwa kimejaa kinatoa kama volti 2.1. Jumlisha, unapata 12.6, hata 12.7. Hiyo ndiyo betri iliyojaa na kupumzika. Ikisoma 12.4 imebaki kama robo tatu. 12.2 ni nusu. 12.0 ni kama robo. Chini ya 11.8 hesabu kwamba imekwisha, hata kama redio bado inaimba. Ona jinsi nafasi ilivyo ndogo: kutoka kujaa hadi kwisha hakuna hata volti moja. Ndiyo maana mtu anaona 12.0 na kusema "si betri ya volti 12 hii, iko sawa," naye yuko ukingoni. Nambari hizi ni zilezile kwa Probox, Noah au pikapu ya miraa, kwa sababu betri ya risasi na asidi aliyoibuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859 bado inafanya kazi kwa kemia ileile.

Ukipiga stata, nambari inaanguka ghafla. Ikigusa 10 na nusu au 11 kisha ikapanda, betri ina nguvu. Ikianguka chini ya 9.6, betri imechoka au haijajaa, au kuna waya uliolegea. Injini ikishawaka, nambari inapaswa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Hiyo ni alterneta inafanya kazi yake. Ikibaki 12 na kitu huku unaendesha, betri inaliwa. Ikizidi 15, kidhibiti cha alterneta kimeharibika na betri inachemshwa: utasikia harufu ya yai bovu, pengine utaona ubavu wa betri umevimba. Hapo zima gari na usiwashe chochote karibu na boneti, ile hewa inayotoka inalipuka.

Na nambari ya jioni inadanganya. Ukizima gari ukitoka safarini utasoma 12.9, hata 13, ufurahi. Ni chaji ya juujuu tu iliyobaki kwenye bati za betri. Subiri gari lilale usiku mzima usome asubuhi. Kama huwezi kusubiri, washa taa kubwa dakika moja au mbili, zima, ngoja kidogo, ndipo usome.

Sasa mita yenyewe. Ya kuchomeka kwenye soketi ndiyo rahisi na ndiyo niliyoanza nayo. Ina mambo yake. Kwanza, kwenye magari mengi ya Japani soketi hiyo haina umeme mpaka uzungushe ufunguo hatua ya kwanza, ile ya redio. Zungusha hapo tu, usifike hatua ya pili inayowasha taa zote za dashibodi na pampu ya petroli, kwa sababu mzigo huo unashusha nambari. Zima redio na feni kabla ya kusoma. Pili, mita hizi za bei nafuu hazikubaliani. Yangu ilikuwa inasoma pungufu kwa 0.2. Ami aliweka mita yake ya mkononi kwenye vichwa vya betri, akalinganisha, akaniandikia kwenye kipande cha plasta akakibandika ubavuni: "ongeza 0.2". Fanya hivyo siku ya kwanza, la sivyo utaumwa kichwa na betri nzima.

Wengine wanapendelea mita ya kufungwa kabisa, waya wake ukitoka kwenye betri moja kwa moja na kupita tundu la mpira kwenye ukuta wa injini hadi kwenye dashibodi. Hiyo inasoma kwa usahihi zaidi kwa kuwa haipiti nyaya nyingi. Lakini waya huo lazima uwe na fyuzi ndogo karibu kabisa na betri, siyo mwisho wake. Ukisuguliwa kwenye bati bila fyuzi, gari linaungua. Na uwe na swichi. Mita inayowaka usiku na mchana nayo inakula, kidogo, lakini kwa gari la kukaa Mokowe kidogo ni kingi. Vipo pia vidude vya kufungwa juu ya betri vinavyotuma nambari kwenye simu kwa bluetooth. Hivyo hukaa vikirekodi hata gari likiwa limezimwa, na unaweza kuona mstari wa usiku mzima. Binamu yangu anatumia kile cha kuchomeka kwenye soketi ya kompyuta ya gari chini ya usukani, ELM327, nacho husoma volti. Kizuri, ila usikiache kimechomekwa gari likiwa limeegeshwa.

Mimi nilibaki na yangu ya soketi na daftari. Kila asubuhi kabla ya kuwasha niliandika nambari, na pembeni nikaandika usiku uliopita gari lilikuwa wapi na lilisimama kwa muda gani. Ilikuwa kazi ya kuchosha nilipoianza, maana asubuhi nina watoto wa kupeleka madrasa na simu za wateja. Lakini baada ya muda karatasi ikaanza kusema. Nikiendesha kila siku, asubuhi inasoma 12.5. Likikaa kutoka Ijumaa hadi Jumatatu, 12.1. Niliporudi kutoka Lamu safari moja, nikiwa nimebeba jampa yangu mwenyewe, 11.6. Na kila mara injini ikiwaka, 14.1, bila kuyumba.

Nilimpelekea Ami daftari. Alilisoma polepole kuliko nilivyotarajia, akavua miwani.

"Alterneta haina kosa, iliyopo wala pengine ile uliyoondoshewa. Betri haina kosa. Kuna mdomo unanyonya gari likilala. Leo tutautafuta."

Alivyoutafuta ningependa kila mwenye gari aone kwa macho. Alifungua kichwa cha hasi cha betri, akaunganisha mita yake katikati ya waya na betri, upande wa ampea 10, ili umeme wote unaotoka upite ndani ya mita. Akafunga milango, akachukua ufunguo akauweka mbali, akaniambia tunywe kahawa. Magari ya siku hizi yana vikompyuta ambavyo havilali mara moja, lazima uvipe kama nusu saa. Akanionya pia nisije nikapiga stata huku mita imefungwa vile, fyuzi yake itakatika hapohapo. Tuliporudi mita ilisoma ampea 0.36. Gari zima likiwa limelala lilipaswa kusoma karibu 0.02 hadi 0.05, ya saa na alamu.

Akaanza kuchomoa fyuzi moja moja huku mimi natazama mita. Taa, hakuna kitu. Vioo vya umeme, hakuna. Fyuzi ya redio: nambari ikaporomoka hadi 0.06. Akachomoa na ya traka, kile kifaa cha kufuatilia gari liko wapi kilichofungwa na walionikopesha pesa za gari, ikafika 0.02.

Redio! Na kisa chake ni cha magari yetu mengi. Redio za Japani zinashika FM ya masafa ya huko, kuanzia 76 hadi 90 na kitu, stesheni zetu nyingi hazimo. Kwa hiyo gari likishuka Mombasa, mwenyewe anabadilisha redio. Redio mpya ina waya wa njano, unaotaka umeme wakati wote kwa ajili ya kukumbuka stesheni, na mwekundu, unaotaka umeme wa ufunguo. Aliyefunga yangu, kabla sijalinunua gari, aliziunganisha zote mbili pamoja kwenye umeme wa wakati wote. Raha yake ni kwamba redio inapigwa hata bila ufunguo. Hasara yake ni kwamba hata ukiizima kwa kitufe, ndani haijalala.

Ami alipiga hesabu kwa chaki kwenye sakafu. 0.36 mara saa 24 ni zaidi ya ampea-saa 8 na nusu kwa siku. Betri yangu ni ya ampea-saa 45. Siku tatu za Mokowe, zaidi ya nusu imekwenda, na hiyo ni betri mpya iliyojaa. Ile ya zamani isingefika hata hapo. Akahamisha waya mwekundu kwenye umeme wa ufunguo. Kazi ya robo saa. Akataka shilingi mia tatu. Traka aliiacha kwa kuwa mkopo haujaisha na 0.04 yake gari linaweza kuibeba.

Nilikaa kwenye benchi lake nikajumlisha: betri, alterneta, jampa, vyumba vya kulala Mokowe, mzigo uliochelewa. Ilipita elfu ishirini na tano. Nilikasirika, nakiri, na hasira ilikaa siku nyingi. Si kwa fundi yule wa alterneta peke yake, bali kwa desturi hii ya kubadilisha kifaa bila kupima, mwenye gari akiwa ndiye anayelipia kila jaribio. Ukienda kwa fundi wa umeme na asitoe mita kabla ya kutaja bei, ondoka. Hata kama ni jamaa yako.

Tangu hapo asubuhi baada ya Mokowe nasoma 12.4 au 12.5.

Mita nilitaka kuichomoa baada ya tatizo kuisha, maana soketi ile naihitaji kuchajia simu. Nashukuru nilinunua ile yenye tundu la simu na nambari pamoja. Siku moja natoka Lamu, nimeshapita Garsen, nakaribia Marereni kwenye viwanda vya chumvi, jicho likaangukia nambari: 13.5. Haikuwa kawaida yake. Baada ya muda 13.1. Kisha 12.7. Taa ya betri kwenye dashibodi kimya kabisa, gari linakwenda vizuri, kiyoyozi kinapuliza. Bila ile nambari ningeendelea na Qur'ani yangu kwenye redio mpaka gari lizime lenyewe.

Nilimpigia Ami nikiwa nimesimama pembeni, injini inanguruma. Akasema, "Usiizime. Zima kiyoyozi, zima feni, zima redio, chomoa simu. Fungua vioo uje. Usiku haujaingia, huna haja ya taa. Betri yako imejaa, itakufikisha." Gari la injini ya sindano za petroli linahitaji umeme kwa pampu, plagi na kompyuta, na betri nzuri peke yake inaweza kulibeba saa moja hivi ukiwa umezima vitu vingine vyote. Ukiwa na taa na kiyoyozi, sahau. Gongoni nilisoma 12.2. Mambrui 12.1. Kwenye kizuizi cha polisi niliomba nisizime injini, askari akaitazama mita akaniruhusu nipite. Nilivuka daraja la Sabaki na 12.0, nikaingia Maweni na 11.8, mikono imejaa jasho. Taa nyekundu ya dashibodi ilikuja kuwaka pale mjini, karibu na gereji.

Ilikuwa ile alterneta kuukuu. Brashi zake za kaboni zilikuwa zimelika hadi mwisho. Ami akabadilisha brashi tu, alterneta ikabaki, na gharama ikawa ndogo kuliko jampa moja ya Mokowe. Nimesikia watu wakiuziwa alterneta nzima kwa tatizo kama hilo. Uliza kwanza kama ni brashi. Uliza pia kuhusu mkanda: ukilegea, nambari inashuka hasa ukiwasha kiyoyozi au mvua inaponyesha, na utasikia mlio wa kukwaruza chini ya boneti.

Kwa sisi wa pwani kuna adui mwingine, upepo wa chumvi. Vichwa vya betri vinaota unga mweupe na wa kijani, na mita ya ndani ndiyo inayokupa habari mapema. Kama fundi akipima kwenye betri anapata 14.2 huku mita yako, baada ya kuirekebisha, inasoma 13.6, kuna mahali umeme unapotea njiani. Tofauti ya 0.1 au 0.2 ni ya kawaida. Zaidi ya hapo angalia vichwa vya betri na waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi ya gari. Fungua hasi kwanza, safisha kwa maji ya moto yenye magadi kidogo bila kuyaingiza ndani ya betri, kausha, kaza, paka grisi. Ukirudisha, hasi iwe ya mwisho. Na joto letu nalo linaharakisha kulika kwa bati na kukauka kwa maji, kwa hiyo ukipata kivuli Mokowe, hata kwa kumlipa mlinzi kitu kidogo, chukua.

Betri yenye vifuniko vya kufungua huongezwa maji ya betri, siyo ya mferejini. Visima vyetu vina chumvi na betri haitaki chumvi. Pia usiiache ikae na 12.1 wiki nzima ukisema utaichaji baadaye. Ikikaa imepungua, bati zake zinajenga ukoko mgumu wa salfeti ambao hautoki, na nafasi ya kuhifadhi umeme inapungua moja kwa moja. Betri ile mpya niliyoinunua ilipata madhara hayo wakati wa miezi ya redio. Haijafa, lakini haifiki tena 12.6.

Wenye magari mapya zaidi, na hasa Honda, wasishtuke wakiona 12.6 au 12.8 wakati wanaendesha na hawajawasha kitu. Kompyuta ya gari inapunguza chaji kwa makusudi ili kuokoa mafuta. Washa taa kubwa na kiyoyozi. Ikipanda hadi 14, alterneta ni nzima.

Siku hizi kabla ya kupanda boti huwa naliacha gari lipumzike nikiwa nashusha mizigo, nawasha taa dakika moja, nazima, nasoma. Ikiwa 12.5, naondoka na moyo mweupe. Ikiwa chini ya 12.4 na nitakaa kisiwani siku nyingi, nafungua kichwa cha hasi kwa spana ya 10 na kukiweka pembeni kikiwa kimefunikwa kitambaa, ili kisirudi kugusa betri. Redio itasahau stesheni, na alamu haitalia, kwa hiyo mlinzi lazima ajue. Na kama gari lako lina traka ya mkopo, wapigie kabla ya kufungua, uwaambie uko Mokowe na unarudi lini. Mara ya kwanza sikuwapigia, nikiwa Shela nikaanza kupokea simu za kuuliza gari nimelipeleka wapi.